Mpangaji unajuaje kama nyumba unayokaa inaenda kupigwa mnada? (Mwanza)

#1 MamaTatu_Nyasaka
Habari za jioni wakuu. Naombeni mawazo, baba watoto yuko Ukara kikazi na simu yake ni ya kubahatisha. Tunapanga Nyasaka, vyumba viwili na sebule, wapangaji tuko watatu na mama mwenye nyumba anakaa nyumba ya mbele, geti moja. Jumanne saa nne hivi walikuja wanaume wawili, mmoja ana futi ile ndefu ya kuvuta, mwingine anapiga picha kwa simu. Wakapima ukuta, wakahesabu vyumba, mmoja akaniuliza choo ni cha ndani au cha nje. Namuuliza nyie wa wapi, ananijibu "tuko kazini tu mama". Wakati wanatoka yule wa futi akaandika namba kwenye geti kwa makapeni nyekundu, 47 halafu mkwaju halafu kitu kama B.

Sasa Alhamisi mama mwenye nyumba kanifuata jikoni nageuza chapati, siku hiyo ananiita "mwanangu", eti nikilipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo ananitolea elfu thelathini kila mwezi, kutoka laki na nusu mpaka laki na ishirini. Huyu mama miaka mitatu hajawahi kuniachia hata mia, tumewahi kugombana kwa ajili ya balbu ya nje! Mzee wake alifariki mwaka juzi. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Hii nyumba inaenda mnada? Na mpangaji unajuaje mapema kabla hujatoa hela?

#2 Jiwe_la_Bismarck
Kodi ya mwaka kwa punguzo, kwa hiari yake, na kukuita mwanangu juu. Dada usiage, hama usiku.

#3 DalaliMwaminifu
Acheni kutisha watu. Mwenye nyumba kuomba mwaka mzima ni kawaida sana shule zikikaribia kufunguliwa, watu wanatafuta ada. Mimi napangisha nyumba kila siku, Kiseke, Nyasaka, Buswelu, naona. Mama wa watu mjane amekwama hela ndogo tu mnamuuzia nyumba humu.

#4 Mwaloni_Boy
Dalali mwaminifu na mvuvi mkweli wote mama zao bado hawajaolewa.

#5 DalaliMwaminifu
@Mwaloni_Boy wewe unayelowanisha dagaa ili wazidi uzito kwenye mzani unaongea nini?

#6 Igoma_Stendi
Dada mimi yalinikuta, nitaandika ndefu mnivumilie. Nilikuwa napanga Igoma, chumba na sebule, na mbele yake nimepanga fremu nauza vifaa vya umeme. Mzee mwenye nyumba mtu safi, wa kanisani, kikombe cha chai tunakunywa pamoja. Akaniomba mwaka mzima kama huyo wako, nikatoa, fremu na chumba vyote. Haikupita miezi miwili, Jumamosi moja naanua nguo nasikia gari la spika linakuja taratibu, linasema kwa amri ya benki nyumba iliyopo mtaa huu itauzwa leo saa tano. Nikasema masikini, nani huyo. Gari likasimama kwetu. Dalali wa mnada kapanda juu ya kreti la soda, watu walikuwa hawazidi kumi na mmoja wao muuza karanga. Nimeshika ndoo ya nguo mbichi nasikia "milioni arobaini, arobaini na mbili, nani zaidi". Mzee hapatikani, tunaambiwa yuko Geita machimboni.

Nikikaa nikafikiria sasa, dalili zilikuwepo. Kila mwisho wa mwezi walikuwa wanakuja vijana wamechomekea mashati wanauliza "mzee yupo?" na yeye akisikia pikipiki anatokea mlango wa uani. Kulikuwa na bahasha zinasukumwa chini ya geti, akatuambia tusizifungue ni za kanisa. Chemba ya choo ilijaa akagoma kuita gari la maji taka, anasema subirini. Na umeme wa LUKU wa nyumba yake alikuwa ananunua wa elfu mbili mbili. Mtu anayekimbia deni huwa hatengenezi kitu dada, angalia mabati angalia chemba.

Mnunuzi mpya alikuja Jumatatu akasema kodi hamkulipa kwangu. Nikalia pale, mwishowe akanipa miezi mitatu ya bure nitafute pengine. Ya mwaka ilikula kwangu.

#7 BugarikaJuu
Pole sana mkuu. Hapo kwenye bahasha za kanisa nimecheka halafu nimejisikia vibaya.

#8 Fela_Junction
Hao wa futi si watu wa reli ya SGR? Huku kwetu walipima hivyo hivyo wakaandika namba, ikawa fidia.

#9 Bikoni
@Fela_Junction SGR haipiti Nyasaka ndugu yangu, imekuja na upande wa kwenu Fela huko. Nyasaka ni Ilemela. Labda useme barabara, lakini TARURA, wale wa barabara za mitaa, wakikutaka utajua tu, ni X nyekundu ya rangi ukutani, sio namba ya makapeni.

#10 SengeremaBinti
Au anwani za makazi? Mwaka 2022 walipita nyumba kwa nyumba wakaweka namba, na sensa ya Agosti mwaka huo huo wakaandika kwa chaki mlangoni. Ya kwetu ipo hadi leo, mama anakataza kuifuta anasema serikali itarudi.

#11 MamaTatu_Nyasaka
@SengeremaBinti kibao cha anwani tunacho kwenye geti, namba yake nyingine kabisa. Hii 47/B ni mpya. @Igoma_Stendi pole sana kaka. Vijana wa kuchomekea sijawaona, ila chemba ni kweli imejaa tangu Pasaka na kila nikimwambia ananiambia subiri.

#12 Afisa_Mstaafu
Nimefanya kazi ya mikopo miaka mingi, benki siitaji. Swali la choo cha ndani au cha nje ni swali la mthamini, hilo halina ubishi. Fundi rangi haulizi choo, TARURA hawaulizi choo. Lakini mthamini kuja hakumaanishi mnada! Mthamini anakuja mara nyingi: anakuja mtu akitaka kukopa, anakuja mkopo ukiongezwa, anakuja mirathi ikigawanywa, anakuja mtu akitaka kuuza kwa hiari, na ndio anakuja pia kabla ya mnada. Kwenye ripoti yake anaandika bei ya soko na bei ya kuuza haraka haraka, na anaandika nani anaishi humo. Kwa hiyo dada wewe uko kwenye ripoti ya mtu sasa hivi, "nyumba ina wapangaji 3".

Kingine, mzee akifariki mikopo mingi inakuwa na bima, bima inalipa deni linaisha. Kama mkopo ulikuwa wa mzee na ulikatiwa bima basi pengine hakuna deni lolote na watoto wanagawana tu mali.

#13 Jiwe_la_Bismarck
Mirathi ni mbaya kuliko mnada. Mnada una siku moja, mirathi mtaitwa kwenye vikao miaka sita.

#14 Mwaloni_Boy
@Afisa_Mstaafu bima ya mkopo wa benki sawa. Na kama mama kakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa? Hizo zina bima gani zaidi ya kubebewa friji?

#15 Wakili_wa_Mtaani
Wakuu naona hisia nyingi tuweke sheria mezani. Mkopo ukiyumba benki haiamki asubuhi ikauza. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 mkopaji anapewa notisi ya siku tisini kwanza. Ndani ya siku hizo anaweza kulipa akamaliza. Kwa hiyo kama kuna mnada, mama ana barua ndani siku nyingi.

#16 Afisa_Mstaafu
Ni sitini, kifungu cha 127. Wewe ni wakili kweli?

#17 Wakili_wa_Mtaani
Sawa sitini, nilichanganya na kitu kingine. Jina linasema wakili wa MTAANI mkuu. Zikipita sitini benki ina haki ya kuuza, au kumiliki, au kuweka mtu wa kukusanya kodi zenu. Hii watu hawaijui: ukiona barua inasema kuanzia leo kodi mlipe kwa fulani na siyo kwa mwenye nyumba, si lazima awe tapeli, inaweza kuwa ni mpokeaji aliyewekwa na benki. Kisha mnada wenyewe, Sheria ya Madalali wa Mnada inataka tangazo la siku 14 kabla ya kuuza nyumba, kwenye mji mkuu wa wilaya na pale pale panapouzwa. Na lisiwe la karatasi tu, sheria ya zamani ile inasema hata kwa kupiga ngoma ili asiyejua kusoma aelewe.

#18 BugarikaJuu
Ngoma?? Kwa hiyo nikisikia Bugobogobo mtaani nianze kufunga virago?

#19 Igoma_Stendi
Kwetu hakukuwa na ngoma wala siku 14, gari lilikuja siku hiyo hiyo. Labda tangazo lilikuwa gazetini, nani anasoma gazeti Igoma.

#20 Bikoni
Gazetini lilikuwepo, usibishe. Matangazo hayo yanatoka Mwananchi, Nipashe, Habari Leo na mengineyo, ukurasa umejaa maandishi madogo kama chawa. Tatizo mpangaji hata akilisoma hajijui kama ni yeye, kwa sababu halisemi "nyumba ya mama fulani yenye mwembe". Linasema jina la mkopaji, Kiwanja Na. fulani, Kitalu fulani, Nyasaka, Manispaa ya Ilemela. Wangapi humu mnajua namba ya kiwanja mnacholala? Ndio nataka dada arudi kwenye hiyo 47/B. Inaweza kuwa kiwanja namba 47 kitalu B. Kama ndivyo hao watu walikuwa wanajiandikia wasipotee, maana picha bila namba nyumba zote za Nyasaka zinafanana, mabati ya bluu na jiwe nyuma.

#21 SengeremaBinti
Si anaangalia tu kwenye bikoni, lile zege la mpaka wa kiwanja, namba imeandikwa pale juu ya zege?

#22 Bikoni
Hapana binti. Namba ya kwenye bikoni ni ya bikoni yenyewe, ya kiwanja haipo. Nimezichimbia mwenyewe hizo nikiwa kijana, Kirumba, Pasiansi, Nyegezi, nyingine sasa hivi ziko chini ya mabanda ya kuku na mtu anafulia juu yake. Namba ya kiwanja iko kwenye hati na kwenye ankara ya kodi ya ardhi, sio kodi ya jengo, kodi ya ARDHI. Hiyo ankara mama akiiacha mezani macho yako yasilale.

Ukishapata namba unakwenda ofisi ya ardhi ya mkoa kwa Msajili wa Hati, unaomba upekuzi, unalipa ada ya serikali, unajibiwa kwa maandishi mmiliki nani na kuna rehani au kizuizi chochote. Huhitaji kuwa mnunuzi.

#23 DalaliMwaminifu
Hapo hapo, akikuta rehani ndio ushahidi, ahame.

#24 Afisa_Mstaafu
HAPANA. Hili ndilo kosa watu wanafanya. Rehani kwenye upekuzi maana yake ni kwamba nyumba iko bondi, basi. Haisemi analipa au halipi. Nusu ya nyumba nzuri mnazoziona Capri Point na Isamilo zinaweza kuwa na rehani na wenyewe wanalipa kila mwezi bila shida. Ukihama kila nyumba yenye rehani utaishia kwenye hema. Marejesho anayajua mkopaji na benki, na benki ukienda kuuliza kama mpangaji hawatakwambia, ni siri ya mteja, mimi mwenyewe nimewarudisha watu mlangoni.

#25 Jiwe_la_Bismarck
Kwa hiyo anayejua ni mama na benki. Benki haisemi na mama anageuza mtu kuwa mwanangu. Tumefika wapi sasa?

#26 Kona_ya_Bwiru
Mi niliambiwa ukinunua LUKU ukaona makato yamepanda ghafla ujue nyumba ina deni la mnada, mfumo unakata.

#27 Wakili_wa_Mtaani
Nani kakudanganya. Makato ya kwenye LUKU ni kodi ya jengo ya serikali, ilianza kukatwa humo 2021 kwa buku moja kwa mwezi nyumba ya kawaida, ikapandishwa 2023 kuwa 1,500. Haihusiani na benki kabisa.

#28 Kona_ya_Bwiru
Na kwa nini nakatwa mimi mpangaji wakati jengo sio langu?

#29 Mwaloni_Boy
Mwaga machozi hapo hapo kwenye mita.

#30 Wakili_wa_Mtaani
@Kona_ya_Bwiru hiyo unatakiwa mwenye nyumba akurudishie kwenye kodi, fungua uzi wako tuje.

#31 BugarikaJuu
Nyie mnaongea hati na upekuzi kana kwamba Mwanza yote imepimwa. Njooni huku juu kwetu mlimani, Bugarika, Igogo, Mabatini, nyumba zimejengwa juu ya mawe, njia ya kupita ni ngazi. Urasimishaji ulipita kweli lakini si kila mtu alilipia akachukua hati. Mwenye nyumba wangu wa zamani alikopa kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri na mwenyekiti wa mtaa. Msajili hana habari na hiyo nyumba, ungeenda kupekua ungeambiwa hakuna kitu ukarudi umefurahi. Sisi tulijua kwa mtendaji wa mtaa, kwa sababu mkopeshaji anapotaka kuuza hawezi kuja kienyeji, anapitia pale kuripoti na kuomba mgambo. Mtendaji ndiye aliyemnong'oneza mama mmoja mpangaji mwenzetu wakati anafuata barua ya utambulisho. Kwa hiyo dada acha hiyo ofisi ya ardhi, nenda ofisi ya mtaa na jambo lolote, hata la uongo, kaa kwenye benchi usikilize.

#32 Bikoni
Nyasaka ni tofauti, pale sehemu kubwa ni viwanja. Lakini hoja ya mtendaji naipokea.

#33 Msukuma_wa_Ohio
Mwangaluka bhabehi! Nawasoma kutoka Marekani, mimi mtoto wa Mkuyuni. Hapa hili jambo lilitokea kwa wingi baada ya 2008, wapangaji wanalipa kodi vizuri mwenye nyumba halipi benki, wanaamka wanakuta karatasi mlangoni. Wakatunga sheria ya shirikisho 2009, mpangaji halali apewe siku 90 kabla ya kutolewa, na kama ana mkataba aachwe amalize, isipokuwa mnunuzi akitaka kuishi mwenyewe ndio zinabaki 90. Ikaisha muda mwisho wa 2014, ikarudishwa 2018 moja kwa moja. Na kujua ni rahisi, mashauri ya nyumba yapo wazi kwenye kaunti, unatafuta kwenye kompyuta unaona kama mwenye nyumba ameshtakiwa.

#34 Jiwe_la_Bismarck
Mwangaluka ng'wanone. Huku kaunti yetu ni kijiwe cha bodaboda, nao wameshajua kuliko sisi wote.

#35 Kona_ya_Bwiru
Na sisi si tulikuwa na sheria ya kulinda wapangaji? Baba yangu alikuwa anaitaja sana, mwenye nyumba hapandishi kodi hovyo.

#36 Wakili_wa_Mtaani
Ilikuwepo, ya 1984, ikafutwa 2005. Sasa hivi ni mkataba wako na Sheria ya Ardhi. Kwenye mnada swali kubwa linakuwa kipi kilitangulia, mkataba wako wa kupanga au rehani. Kama benki ilishika nyumba kabla wewe hujaingia na haikuridhia upangishwe, mnunuzi ana nguvu. Kama wewe ulitangulia una pa kusimamia. Ndiyo maana nasema mkataba uandikwe, ulipiwe ushuru wa stempu, uwe na tarehe. Wa mdomo utauonyesha wapi?

#37 Mwaloni_Boy
Wa kwangu uko nyuma ya kalenda ya mwaka 2017, sahihi ya mwenye nyumba ni dole gumba.

#38 MabatiniShow
Mimi yangu ni kinyume. Nyumba ilipigwa mnada ikauzwa, mke wa mwenye nyumba akaenda kufungua kesi kwamba nyumba ni ya familia na yeye hakuridhia mkopo, hakusaini popote. Akapata zuio. Sasa nani anachukua kodi? Mnunuzi ananipigia kila tarehe moja, mama naye kila tarehe moja, wote wananitishia kunitoa. Nikawaambia leteni karatasi, kila mmoja akaleta karatasi yenye muhuri mkubwa kuliko wa mwenzake. Nikaacha kulipa, naweka hela pembeni kwenye akaunti. Mwaka na miezi minne. Nikawaita wote siku moja ofisi ya mtaa na wote wakakataa kukutana. Mpaka nahama hakuna aliyekuja kudai kwa maandishi.

#39 Igoma_Stendi
Hela ya pembeni ukaifanyia nini?

#40 MabatiniShow
Tuendelee na mada.

#41 Afisa_Mstaafu
@MabatiniShow huyo mama alikuwa na hoja, kifungu cha 114 kinataka ridhaa ya mwenza kwenye nyumba ya ndoa. Benki makini zinamleta mke au mume asaini mbele yao. Shida yetu ilikuwa wanaume wanaleta mke asiye yeye. Nilishawahi kupokea wake wawili kwa mume mmoja kwa nyumba moja ndani ya wiki, wote na vitambulisho.

#42 SengeremaBinti
Hahahaa kwa hiyo ulimchagua yupi?

#43 Afisa_Mstaafu
Nilikataa mkopo. Mwaka uliofuata alikopeshwa kwingine.

#44 MamaTatu_Nyasaka
Wakuu nimerudi. Asanteni wote. Nimefanya mambo mawili. Kwanza nilikwenda ofisi ya mtaa kama alivyosema @BugarikaJuu, nikajifanya nafuata barua ya mtoto ya shule. Nilikaa kwenye benchi saa nzima na nusu nimesikia ugomvi wa mbuzi na habari za mtu aliyezibia mtaro, nyumba yetu haikutajwa. Nilipomuuliza mtendaji moja kwa moja akaniambia "mama, hakuna barua niliyopokea", halafu akaniangalia akaongeza "mpaka leo". Sasa hiyo mpaka leo ndio imeninyima usingizi.

La pili nimemuuliza mama mwenyewe. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamwambia mama wale watu wa futi walikuwa wa nini, akasema ni wa bima. Jioni binti yake wa mwisho aliyekuja kutoka Buhongwa kamwambia mpangaji mwenzangu ni watu wa kaka yake mkubwa anataka kujua nyumba inafika kiasi gani. Na dereva bajaji wa pale kona anasema aliwashusha yeye, na wakati wa kuondoka walimwambia awapeleke mjini, akawaacha karibu na benki moja, siitaji.

#45 Mwaloni_Boy
Bima, kaka, benki. Kila mtu kasema ukweli wake.

#46 DalaliMwaminifu
Karibu na benki sio ndani ya benki. Mjini pale ukishuka popote uko karibu na benki.

#47 Jiwe_la_Bismarck
Kwa mara ya kwanza nimekubaliana na dalali, niombeeni.

#48 Afisa_Mstaafu
Inawezekana vilevile ni mkopo MPYA. Kaka mkubwa anataka kukopea nyumba, mthamini kaja, na ili benki ione nyumba inaingiza hela mama anatafuta mikataba ya mwaka mzima. Hapo hakuna mnada leo. Mnada utakuwa baada ya miaka miwili, kaka akishatapanya hela.

#49 Igoma_Stendi
Au ni wa zamani na umeshaharibika. Chemba imejaa tangu Pasaka jamani! Mimi siachi hiyo chemba.

#50 Bikoni
Dada, namba ya kiwanja umeipata? Na 47/B umeipiga picha?

#51 MamaTatu_Nyasaka
Namba sijapata. Picha ya geti nilitaka nipige leo asubuhi. Nimetoka nakuta mama kavaa kanga kiunoni ameshika brashi anapaka geti rangi yeye mwenyewe, mwenyewe kabisa, mtu asiyeita hata gari la maji taka. Alianzia pale pale kwenye namba, imeshapotea. Nikamwambia mama hongera, akaniambia geti lilikuwa linanitia aibu mwanangu, halafu akaniuliza ile hela nimefikia wapi.

#52 SengeremaBinti
Mtu ambaye nyumba yake inapigwa mnada anapaka rangi?

#53 Igoma_Stendi
Anapaka. Anafunika.

#54 DalaliMwaminifu
Anapaka kwa sababu ana mteja, anauza kwa hiari. Nyumba ikipakwa rangi geti inaongezeka milioni.

#55 Bikoni
Anapaka kwa sababu amechoka kuulizwa hiyo namba ni ya nini.

#56 Mwaloni_Boy
Rangi gani?

#57 MamaTatu_Nyasaka
Kijani na pembeni njano.

#58 Jiwe_la_Bismarck
Ah, huyo ni Yanga tu. Lala.

#59 MamaTatu_Nyasaka
Nimempa ya miezi mitatu, kwa bei ile ile ya laki na nusu, tumeandikishana na mpangaji wa chumba cha kati kasaini shahidi. Alikunja uso hakuniita mwanangu. Baba watoto akirudi Jumapili ataniuliza kwa nini nimekataa punguzo, sijui nimjibu nini.